Mkono Niliouinua Mbele ya Baba

Poongodi, mbona hupokei simu? Shoga, nimekwisha!

Leo ndiyo kikao changu cha kwanza cha wakurugenzi. Asubuhi nimemgusa Baba miguu, akanibariki vizuri tu. Saa nne nikampinga mbele ya watu. Mimi!

Anataka kufungua mtambo mpya wa kutia vitambaa rangi kabla tangi la kusafishia maji machafu halijakamilika. Akauliza, "Nani anapinga?" Nikainua mkono, ukaishia usawa wa bega. Baba mkubwa akaniangalia kwa huruma: "Nenda tu, mwanangu, choo kiko kulia."

CHOO, Poongodi! Wakacheka wote.

Nikasimama. "Siendi chooni. Napinga."

Zikapigwa kura: wanne wanapinga, watatu wanakubali. Mradi umekufa, na aliyeuua ni mimi.

Sasa tuko gari moja tunarudi nyumbani Tiruppur. Nusu saa nzima Baba hajafungua mdomo.

Ngoja, kaongea.

Kasema bila kugeuka: "Siku nyingine uinue juu zaidi. Ule mkono wa woga ndio uliomfanya kaka yangu akuone mtoto."

Kasema siku nyingine, Poongodi. Kumbe ipo.