Kuna Nazi

Zefania mwanangu,

Nimekwenda dukani kwa Bwana Najmuddin kuchukua blanketi lako la safari. Samaki yumo chini ya kawa. Mlango wa uani ufunge, paka wa kina Swabaha keshazijua saa zetu za kula.

Kuhusu asubuhi, sikukasirika. Nilitoka jikoni mbio nisije nikakuchekea usoni. Mtu aenda Ruanda mwaka mzima, kwa kujitolea, kuwapikia wagonjwa wa hospitali ya misheni, na mwiko hajapata kuushika! Nakwambia, "Zefania, kuna nazi," nawe wanijibu kwa adabu, "Ndiyo mama, nimeiona." Kisha ukaketi juu ya mbuzi, ukangoja chai. Nilitaka uikune, baba! Kushuhudia utashuhudia kanisani.

Basi jioni tunarudia. Tui zito utalitia mwisho, na usiache kukoroga, lisije likakatika.

~~Ukiona baridi ya huko itakushinda, hujachelewa, nenda kamwambie Mchungaji~~

Mstari huo nimeukata. Usiuinue juani kuusoma. Umemwahidi Mungu, utakwenda.

Tena usije ukanicheka kwa Mchungaji kwamba mama hajui kitu. Najua fika Ruanda haioti minazi, na haya ninayokufundisha hutayatumia hata siku moja. Jioni uje jikoni vivyo hivyo, ukae karibu yangu.

Huko hakuna nazi, Zefania. Hapa kuna.

Mamako