Ameniambia Niseme Shamira Alizubaa

Mpendwa Mama Fiona, nakusihi unisaidie, maana tangu Jumatatu situlii, nikiketi kula nainuka, nikisimama kazini miguu inataka kukimbia na sijui inataka kukimbilia wapi. Naitwa Milka, Mkenya, niko hapa Doha, nafanya kazi katika kiwanda cha kufua shuka na taulo za mahoteli, na mimi ndiye msimamizi wa zamu ya asubuhi. Kazi ilikuwa nzito lakini tuliiweza, hadi hoteli mpya za mji wa Lusail zilipoanza kuleta nguo zao kwetu, shuka zikaongezeka na watu hawakuongezeka.

Tuna mashine kubwa ya pasi, shuka inaingia mbichi upande huu, inapita kati ya rola za moto na kutoka kavu upande ule, na mdomoni mwake kuna chuma ambacho mkono ukikigusa tu mashine inasimama. Sasa zile shuka nzito zilikuwa zinakigusa kila saa na kazi inakwama, basi meneja wetu Ndirangu, Mkenya mwenzetu ambaye alikuja hapa akiwa mfanyakazi wa kawaida kama sisi, akamwita fundi akate nyaya za kile chuma. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikamwambia, "Boss, na mkono ukiingia?" Akacheka, "Kwani watu hawana macho? Yalla, haya twende, shuka zinangoja."

Jumatatu Shamira, Mganda, rafiki yangu ambaye tunalala chumba kimoja, alikuwa ananyoosha pindo la shuka lililojikunja, na rola zikamshika mkono. Sauti niliyoisikia sitaki kuiandika. Nilikimbia nikabonyeza kitufe chekundu, tukamtoa, lakini mkono ulikuwa umeshaungua na kupondeka. Yuko hospitalini mpaka sasa, na kila nikienda kumwona ananiuliza jambo lile lile, "Milka, kwa nini haikusimama?" Mimi namwambia alale, apumzike, halafu natoka nje kulia.

Siku iliyofuata tulikuta chuma kimeshaunganishwa, kinafanya kazi kama kawaida. Ndirangu akaniita ofisini, akafunga mlango, akasema, "Ofisa wa kazi wa serikali anakuja wiki ijayo, na atakayeulizwa ni wewe. Sema Shamira alizubaa, alikuwa na simu mkononi, khalas, yameisha."

Nikamwambia hakuwa na simu.

"Nani atajua?" Halafu akalegeza sauti, akaniambia kampuni inafungua kiwanda kingine na anataka nikiongoze, nitapewa chumba changu peke yangu. Kisha akaongeza, "Na usisahau, msimamizi ulikuwa wewe. Mashine ikionekana na makosa, makosa ni yako."

Nikamkimbilia kakangu Arnold, ambaye ndiye aliyenileta huku. Yeye ni mwalimu wa historia katika shule moja Abu Hamour, na anakaa na mke wake kwenye nyumba nzuri Fereej Bin Mahmoud. Akanisikiliza vizuri, halafu akaanza kunifundisha kama mwanafunzi wake. Akasema Amerika ilikuwa hivi hivi karne ya kumi na tisa ilipokuwa inaisha, watu walitoka Italia, Poland, Ireland, wakaingia viwandani, mashine zikawakata vidole, wakalala familia mbili chumba kimoja huku wenye viwanda wakijenga majumba kama ikulu. "Lakini leo wajukuu wao ni madaktari," akasema. "Miji mikubwa hujengwa hivyo, Milka. Lazima kuwe na kizazi kinachoumia. Chukua hiyo nafasi, halafu umsaidie Shamira kimyakimya."

Nikamuuliza, "Na hicho kizazi ni chako au ni changu?"

Akakasirika. Akasema nisimwaibishe, wanasali kanisa moja na Ndirangu, na nikirudishwa nyumbani binti yangu Kawira atasomeshwa na nani. Hilo ndilo limeniingia, Mama. Nikisema ukweli huenda nikafukuzwa, nikidanganya Shamira ataonekana ndiye mjinga aliyejiumiza mwenyewe na hatapata haki yoyote. Nifanye nini?

Milka, Doha

MAMA FIONA ANAJIBU

Milka mwanangu, pole sana. Sasa keti, tuongee.

Nianze na la kukukemea, kwa sababu naona umelikwepa. Ulikuwa msimamizi, ukaona nyaya zikikatwa, ukauliza swali moja, ukachekwa, ukarudi kwenye shuka. Najua ungejibiwa vipi kama ungekataa. Hata hivyo wanawake wa zamu yako ulipaswa kuwaambia kwamba mashine haisimami tena. Usiende kwa ofisa ukijifanya hukuwepo. Sema na hilo pia, kwa mdomo wako mwenyewe, ili Ndirangu asiwe na kitu cha kukutishia.

Kakako msalimie, umwambie amekusomea nusu ya somo. Wale wahamiaji wa Amerika hawakuokolewa na miaka kupita. Waligoma, wakaenda mbele ya mahakimu na wakaguzi wakasema mashine ile imemkata fulani kwa sababu hii. Wengine walifukuzwa, wengine wakapigwa risasi. Sheria za viwanda zilipatikana hivyo. Na ni rahisi sana kukubali kizazi kiumie ukiwa umeketi kwenye kochi Fereej Bin Mahmoud.

Sasa sikiliza. Kwanza nenda kwa Shamira leo, umjibu swali lake. Asilisikie kutoka kwa mtu mwingine. Zungumza na wenzako waliomwona fundi, mmoja mmoja, bila kumlazimisha mtu. Nendeni kwenye ubalozi wako na ule wa Shamira, kabla ofisa hajafika, ili ukifukuzwa kuwe na watu wanaojua sababu. Ofisi ya Ndirangu usiingie tena peke yako mlango ukiwa umefungwa. Siku ya kuhojiwa, omba mkalimani, useme ulichokiona na uishie hapo.

Na anza kutafuta mwajiri mwingine sasa hivi. Sitakudanganya kwamba ukweli hautakugharimu. Lakini Kawira anaweza kulelewa na mama aliyebadilisha kazi. Chumba cha Ndirangu kikatae.

BAADA YA HAPO

Jibu hili tulimtumia Milka kwanza, na kabla ukurasa huu haujachapishwa alituandikia tena:

"Mama, nilimwambia Shamira. Aligeukia ukutani, hakusema nami siku hiyo wala iliyofuata. Ofisa alipokuja nilisema yote, na Ndirangu akaniita mwongo mbele ya watu. Halafu Bella, msichana wa kukunja taulo ambaye hata hatukuwa marafiki, akaja akasema, 'Hata mimi nilimwona fundi.' Wakafuata wengine. Usimamizi nimenyang'anywa, sasa nachambua nguo chafu, na natafuta kazi kwingine. Arnold hajanipigia. Kesi ya Shamira inaendelea, na kampuni imeambiwa igharamie matibabu, ila vidole viwili havitakunjika tena. Jana alinitumia ujumbe kwamba nywele zimemshinda kwa mkono mmoja. Nilienda hospitalini nikaketi nyuma yake kitandani, nikamsuka. Nilipomaliza akasema nirudi Ijumaa."