Mthamini Alipokuja kwa Mama

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo. Mvua imenyesha na ua wote unanukia udongo. Mthamini uliyemtuma alikuja jana. Alisema barabara mpya imepandisha bei ya nyumba, ila nyufa za sebuleni zitaishusha. Mama alimtembeza mwenyewe chumba hadi chumba, akipapasa kuta taratibu kama anayeota. Mlangoni yule bwana akaninong'oneza, "Kumbe mama haoni?"

Nikamjibu, "Tangu mwaka jana. Humu ndani tu ndimo anamoona."

Mama alinikataza nisikuambie, asije akakutia wasiwasi. Sasa umejua. Nyumba ni yetu sote, lakini mama akiwa hai mimi siiuzi. Njoo, kaka, akushike uso.

Ni mimi, mdogo wako.