Saizi ya Kati

Jumatatu, 3 Februari

Magauni yamerudi. Mafurushi manne, yote ya wauguzi wa hospitali kubwa, yale tuliyoyakabidhi mwezi uliopita kwa mbwembwe zote. Dereva kayabwaga mlangoni pa karakana kama mtu anayerudisha mbwa wa jirani. Lalamiko ni moja kutoka kila wodi: kiunoni yanapwaya, makalioni yanabana. Muuguzi akiinama, mshono unalia.

Mama — mwenye karakana, sote tunamwita hivyo — kamgeukia mkataji wetu, Makasi. Au kisu kimeyumba? Makasi hakuinua hata macho. Akasema kisu chake hakina tumbo, kinafuata karatasi ilivyochorwa. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Nimefika nyumbani ndiyo nikakumbuka karatasi ile ilichorwa kwa mwili wa nani.

Jumatano, 5 Februari

Hapa kwetu hatuendi kwa vitabu vya vipimo. Mama anaamini mwili ulio hai. Gauni la mfano la saizi ya kati linabandikwa pini mwilini mwangu, nimesimama kwenye kigoda. Likikaa sawa linachorwa kwenye karatasi, na saizi nyingine zote zinapunguzwa au kuongezwa kutoka hapo. Mimi ni saizi ya kati tangu nina miaka ishirini na tisa. Ndiyo maana wananiita Mama Kati. Karatasi ya zamani ilipochakaa mwaka jana tukachora mpya, na mimi nikapanda kigodani kama kawaida. Hakuna aliyeuliza kama aliyepanda ni yule yule. Hata mimi sikuuliza!

Leo Mama kazitandika karatasi zote mbili mezani, moja juu ya nyingine. Halafu kanizungushia futi kiunoni mbele ya watu. Kasoma. Kasoma tena.

Ajabu ni kwamba mzani wa nyumbani unasema kilo zile zile za miaka yote. Kumbe mzigo umehama chumba tu, nyumba ni ile ile.

Jioni kaniita ofisini. Kwa upole, hilo lazima niliandike. Sampuli ya oda ijayo inabandikwa mwezi wa tano. Kama kiuno hakijarudi atampandisha binti wa meza ya pasi, na usimamizi wa sampuli utakwenda naye. Mimi nitahamia kwenye vifungo. Miaka arobaini na nane, kwenye vifungo!

Jumamosi, 8 Februari

Wifi kaja kutusalimia. Hajaketi bado: "Wifi yangu, zamani mzigo tulikuwa tunauona ukiondoka. Siku hizi tunauona ukija!" Nikamwambia wa kwake haujawahi kuonekana upande wowote. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Ana dawa. Kula mara moja kwa siku, basi. Jirani yake alifanya hivyo, akapungua mpaka mumewe akawa anampapasa kitandani kumtafuta. Mume wangu akasema yeye hataki kupapasa, macho yake yameshachoka. Wifi akamwambia haya ni mambo ya wanawake, anyamaze.

Naanza kesho.

Alhamisi, 13 Februari

Njaa. Nimeshona mifuko upande wa ndani, dazeni nzima. Nimemfokea Makasi kwa kosa la kutafuna mkate kwa raha. Nikirudi nyumbani nakula mlo wangu mmoja wa halali, kisha unafuata ule wa wizi, nimesimama, na mwiko mkononi. Asubuhi mume wangu kauliza, bila kunitazama, kama siku hizi tumefuga paka.

Lakini mzani umeshuka! Nikashika futi haraka. Kiuno hakijasogea hata uzi. Sasa nilichopunguza ni nini?

Jumatano, 19 Februari

Nimeanguka kazini. Nilikuwa naning'iniza magauni, taa zikawa nyingi, kisha hakuna taa. Makasi ndiye aliyenidaka. Anasema nilimwangukia kama jora la kitambaa, bila hata kuaga. Alikuwa anatania, lakini hakuniachia mkono mpaka nilipoketi.

Mama kaniambia kesho nisije. Niende zahanati.

Alhamisi, 20 Februari

Muuguzi wa zahanati ni mwanamke wa rika langu, ana kipepeo cha karatasi anachojipepea. Kanitoboa kidole. Katazama kimashine chake, akauliza: nyumbani kwenu kuna mwenye sukari?

Nikamwambia marehemu mama yangu. Ilianza na mguu. Mengine sikuyasema, wala hakuyauliza.

Akasema mimi sina ugonjwa. Bado. Sukari imefika mlangoni, inabisha, na sisi ndio tutakaoamua kama itafunguliwa. Wiki tatu nalia kiuno, kumbe kiuno ni mjumbe tu.

Nikalalamika kwamba nakula kile kile nilichokula miaka yote. Akacheka. Ndiyo, akasema, chakula ni kile kile, ila anayekichoma amebadilika. Nimemwomba anieleze taratibu kama anavyomweleza mtoto wa shule, maana mimi nisipoelewa kitu sikishiki. Akaeleza. Kinachokula sukari nyingi mwilini ni misuli: mapaja, makalio, mgongo. Ukivuka arobaini inapungua kidogo kidogo, hasa kwa mtu anayeketi kwenye mashine kutwa. Hedhi nayo inapokaribia kukoma, mafuta yanaacha nyonga na kukusanyika tumboni. Kwa hiyo mzani unaweza kusimama pale pale huku ndani kila kitu kimebadilishana nafasi. Na mimi nikaenda nikajinyima chakula! Mwili wenye njaa, akasema, unakula na misuli pia.

Basi ndicho nilichopunguza.

Ameniagiza: nisiruke mlo. Mayai, maharage, samaki, kitu cha kujenga kila ninapokula. Sukari ya chai nipunguze, na soda niziache. Nibebe vitu vizito. Nitembee baada ya kula. Nilale — hapo nilicheka mimi. Nirudi Mei apime tena.

Jumapili, 9 Machi

Kazini sasa majora nayatoa stoo mwenyewe. Mwanzoni niliweza dogo tu, tena kwa kulikumbatia kama mgonjwa. Makasi kila nikipita anatangaza: "Pisheni, pisheni, winchi inapita!" Kila nikimaliza furushi nainuka kitini bila kushika meza, naketi, nainuka tena. Siku za kwanza mapaja yaliwaka mpaka nikawa nashuka ngazi kinyumenyume. Binti wa pasi alidhani nimepotewa na kitu.

Usiku bado taabu. Naamka nimelowa kama nimetoka kuoga, nageuza mto, nageuza tena. Siku zinazofuata usiku kama huo ndizo natamani sukari kupita kiasi. Nimeanza kuona uhusiano huo. Zamani ningesema ni ulafi.

Baada ya chakula cha jioni tunatembea, mimi na mume wangu, mpaka kwenye duka la vioo na kurudi. Analalamika watu watadhani tumefukuzwa na mwenye nyumba. Lakini viatu vyake ndivyo vya kwanza kufika mlangoni.

Jana kwenye sherehe ya mpwa wangu nilikula keki. Vipande viwili. Havikunitosha.

Jumatatu, 24 Machi

Siku ya ajabu! Mama kapeleka hospitali magauni yaliyorekebishwa, akachukue yale mabovu yaliyobaki wodini. Karudi nusu ya gari tupu, anacheka peke yake.

Wauguzi watu wazima wamekataa kurudisha! Wale wa miaka arobaini na kitu, hamsini. Wanasema ni sare ya kwanza tangu waajiriwe inayowaacha wapumue. Mmoja, msimamizi wa wodi, kalikumbatia lake akamwambia Mama: aliyeshona hili ananijua, nisalimie sana.

Karakana nzima imenipigia makofi. Makasi kainama kabisa, kofia kifuani.

Na hospitali imeagiza. Magauni mengine, ya wauguzi wa rika hilo, kwa mtindo ule ule; hiyo ndiyo oda ya kubandikwa mwezi wa tano. Mama kasema karatasi ya mwaka jana ilikuwa ya bahati tu, kola yake na mikono havikukaa sawa. Anataka aibandike upya, kwa uangalifu, kwa mwili ule ule. Mwili wangu. Akanishika mabega: "Mama Kati, mpaka mwezi wa tano usipungue hata nukta. Nakuomba."

Nikasema sawa, Mama. Nilikuwa na furaha, nikasema sawa.

Alhamisi, 10 Aprili

Saa nne kila asubuhi Mama ananiletea chai mwenyewe. Tamu, ya maziwa, na andazi juu yake. Anasimama mpaka nionje. Makasi ananong'ona kwamba ng'ombe wa karamu naye hupendwa hivyo hivyo, mpaka siku ya karamu.

Leo nilijitahidi kusema. Nikashauri twende hospitali tuwapime wauguzi wenyewe. Hataki kusikia. Wana zamu, wana wagonjwa, na vipimo vya watu kumi havitengenezi gauni moja, vinatengeneza ugomvi. Mwili mmoja, macho mawili, pini: ndivyo alivyofundishwa, ndivyo karakana ilivyosimama.

Nikamwambia basi kuhusu damu yangu. Sukari mlangoni. Aliliweka andazi mezani. Halafu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Na wewe usiku unaamka umelowa?" Na mimi! nikasema. Tukatazamana. Akafungua mdomo aongeze kitu, simu ikalia, akawa bosi tena.

Andazi alilisahau pale pale. Nimempa Makasi.

Sina hasira naye. Ananihitaji, na miezi miwili iliyopita hilo ndilo nililokuwa naliomba kwa Mungu. Nikibaki hivi, kigoda ni changu na usimamizi ni wangu. Nikimfuata muuguzi wa zahanati, nitakwenda kwenye vifungo nikiwa mzima. Nimelifikiria njia nzima. Nikashuka kituo kabla ya kwetu ili nitembee, nikafika mlangoni bila jibu.

Jumapili, 27 Aprili

Mkanda wa sketi umelegea. Sikuamini, nikavaa ya bluu. Nayo! Nikashika futi. Kiuno kimeshuka, nyonga zimejaa kidogo. Mzani? Haujasogea, mpuuzi yule.

Nimekaa kitandani na futi mapajani. Mume wangu kaingia, akauliza nani amefariki. Nikamwambia nimepungua kiuno. Kakuna kichwa. "Si ndicho ulichokuwa unalilia Februari?" Ndicho. Nikamweleza habari ya kigoda upya. Akafikiri, akasema mke wa vifungo anamtaka, mke wa kukatwa mguu hamtaki. Akatoka kutafuta viatu vyake.

Jora kubwa sasa nalibeba begani peke yangu. Nimelala vizuri usiku wa siku mbili mfululizo. Asubuhi kichwa changu ni chepesi, nasoma maandishi madogo ya lebo bila kuumwa. Hayo hakuna anayeyaona kwenye futi.

Alhamisi, 8 Mei

Naandika kazini, stoo, katikati ya majora. Naandika nimesimama — sampuli iko mwilini, imejaa pini, nikiketi nitachomwa kila mahali.

Zahanati ni kesho.

Saa tatu nilipanda kigodani. Mama na pini zake mdomoni, kama kawaida. Mabega, sawa. Kola, sawa. Alipofika kiunoni akakusanya kitambaa kwa vidole, akakusanya tena. Akazunguka nyuma. Nilikuwa naweza kuvimbisha tumbo. Nilishafikiria hilo njiani! Sikuvimbisha.

Akatoa pini mdomoni. "Umepungua."

Nikasema ndiyo, Mama.

Alimtuma Makasi alete taulo. La kunifunga kiunoni, lijaze nafasi. Makasi kaleta, kasimama nalo, hampi mtu. Mashine zote zilikuwa zimenyamaza. Mama kalichukua, kanizungushia, katazama. Kiuno kikawa mfano wa mto. Akasema haidhuru, tutabandika hivyo hivyo. Sauti yake yenyewe haikuamini.

Nilikuwa juu, yeye chini. Kutoka juu pale nilimwona vizuri: mkono mmoja umeshika taulo langu, mwingine uko chini ya aproni yake, unalegeza mkanda wa sketi. Anafanya hivyo kutwa. Miaka hamsini na moja. Kiuno kile, nyonga zile. Mwili ambao wauguzi wale wamekataa kuuvua!

Nikasema: "Mama, panda wewe."

Hakuna aliyecheka, hata Makasi. Katika miaka yote hii hakuna aliyewahi kumpima. Nguo zake anashona mwenyewe, ofisini, mlango umefungwa. Akaweka mto wa pini juu ya kigoda, kando ya miguu yangu, taratibu, akaenda ofisini. Tukasikia komeo.

Hiyo ni saa nzima iliyopita. Makasi kaja mara moja stoo, akaniambia dada, ama umeokoa oda ama kesho sote tunatafuta kazi. Kaniachia yai la kuchemsha, kaondoka.

Mlango wa ofisi unafunguliwa. Siwezi kuona uso, majora yamenizuia. Naona miguu tu, inakuja upande wa kigoda. Kigodani kwetu hapandi mtu na viatu.

Hana viatu.