Kila Asubuhi Anaitika "Mzima"

Genzo rafiki yangu, nimetoka shuleni kwa Chinatsu sasa hivi.

Binti yangu kazimia darasani kwa maumivu ya tumbo. Daktari kasema tumbo halina ugonjwa, ni huzuni ya kufiwa na mama yake, ila mtoto hajui kuitaja.

Unajua mwalimu Kuwabara kaniambia nini? "Baba Chinatsu, kila asubuhi naita majina na kuuliza hali. Yeye huitika 'mzima'. Mimi ningejuaje?"

Mzima! Wiki ileile tuliyouchoma mwili wa mama yake, tukaokota mifupa majivuni kwa vijiti ili tuizike, aliitika mzima, na bwege yule akaita jina linalofuata!

Jumamosi kuna kikao cha wazazi. Nitayamwaga yote mbele ya mkuu wa shule, kisha nitaita jina la Kuwabara kwa sauti na kumuuliza hali.

Aitike mzima, nimwone.