Chandarua cha Akimana

Kibagabaga, Kigali
9 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Gahongayire,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje tangu uteleze kisimani? Na huko Ngara maharage yameota? Sisi hapa ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu.

Uliponiuliza kwenye simu habari za safari yangu ya kanisa, nilikujibu "ilikuwa nzuri" nikabadili mazungumzo. Sikukuambia kweli. Nakuandikia kwa kuwa kwa mdomo nitashindwa.

Mwezi wa kumi na mbili ofisi yetu ilinituma kijijini, mbali kupita Kabuga, kuwatembelea akina mama wa kanisa wanaopambana na malaria. Shangazi, wale wanafanya kazi! Wanafukia madimbwi kwenye mashimo ya matofali, wanapita nyumba hadi nyumba kukagua vyandarua. Jumapili nikasimama mbele yao nikawahubiria kwamba asiyelala ndani ya chandarua anachezea uhai wa nyumba nzima.

Nilikaa siku tatu kwa Mama Spéciose, kiongozi wao. Alinitandikia vizuri, chandarua juu. Lakini joto lilikuwa kali, na mimi nikiwa ndani ya chandarua nahisi kukosa hewa. Nikakivua, nikakiweka kitini. Siku zote tatu. Asubuhi nilikuwa nakitundika tena, wasijue.

Siku kumi na mbili baada ya kurudi, Mama Spéciose akapiga simu. Mkwe wake Akimana, mwenye mimba ya miezi saba, amelazwa kwa malaria, tumwombee.

"Kwani hana chandarua?" nikauliza.

Akajibu, "Ni kile tulichokuwekea wewe, mwanangu. Vingine vilikuwa havijafika."

Shangazi, nilikaa chini sakafuni, simu mkononi.

Mama Spéciose akaniambia muuguzi alisema mbu angeweza kumuuma siku yoyote, hata shambani jioni. Maneno hayo hayakunisaidia. Nikapanda basi, nikamkuta Akimana ametoka hospitali, amekonda, lakini mtoto anacheza tumboni. Nikapiga magoti mbele yake na mbele ya Mama Spéciose, nikasema nilichofanya.

Mama Spéciose akaniinua. "Tulijua," akasema. "Mikono yako ilikuwa imejaa alama za mbu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuaibishaje? Ulikuwa mgeni wetu."

Akimana akasogea kwenye mkeka ili nipate pa kukaa. Sikuweza kumtazama usoni.

Najua kule kanisani kwenu huwa unanisifu kwa watu. Nakuomba uache kwa sasa. Usiponijibu upesi nitaelewa.

Nisalimie Mjomba Nsengiyumva na dada Alida, na watoto wake wote. Mungu akuponye mguu, akulinde wewe na wote walalao chini ya paa lako.

Mimi mwanao, nikupendaye kwa aibu,
Mukunde