Ganda la Betri na Ng'ombe wa Mama Yako

Ikungi, Singida
14 Agosti 2024

Mpendwa mpwa wangu Eliana,

Shikamoo yako najua iko njiani, basi marahaba natanguliza. Huko Mtwara mnaendeleaje na joto? Kifua cha mumeo Noel kimetulia? Sisi tunaamka, ingawa nimechoka. Magoti yananiuma na usingizi ni haba.

Habari yenyewe ni ya Kijivu, ng'ombe uliyemwachia mama yako apate maziwa. Wiki mbili zilizopita alianza kusaga meno na kugonga ua kama asiyeona. Godfrey, afisa mifugo wetu, akapeleka damu yake kupimwa: ina sumu ya risasi. Siyo ya bunduki. Ni madini mazito yaliyomo ndani ya betri za magari.

Kila siku Godfrey humchoma sindano ya vitamini B1. Usishangae. Risasi huvuruga ubongo, na B1 huusaidia usiharibike zaidi. Vitamini C na E nazo, kwa majaribio yaliyofanyiwa wanyama, hupunguza madhara kwenye ini na damu. Lakini hupunguza tu. Risasi iliyojificha mifupani hutoka taratibu mno, na nyingine hupitia kwenye maziwa.

Ndiyo maana kila asubuhi nakamua na kumwaga shimoni. Mama yako husimama hapo na kikombe chake.

"Stanley, mwanangu kaniachia ng'ombe ninywe, wewe unanywesha shimo!"

Nikimweleza, hunijibu, "Basi nichome na mimi hizo vitamini, halafu nipe maziwa yangu."

Jana Kijivu aliliona debe la maji, akalifuata bila kugonga kitu. Nilikaa chini palepale.

Sasa lililobaki. Kihori alicholambia chumvi nilikitengeneza mimi, kwa ganda la betri kuukuu nililopewa na mafundi wa malori pale Mkiwa. Nililiosha kwa maji ya moto, nikaona limetakata. Mimi, niliyewafundisha wafugaji miaka thelathini! Mama yako anadhani ni vumbi la machimbo ya dhahabu, nami nimenyamaza. Ng'ombe ni wako, nimeona ujue wewe kwanza. Kesho kabla ya kukamua nitamwambia, hata kama kikombe atanirushia.

Msalimie Noel, na Joyce mdogo umbusu. Mungu awatunze, na macho ya Kijivu ayarudishe yote.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na kukuomba radhi,
Stanley